Ile D ya Kathini

Jumanne, 28 Oktoba 2025

Siku kumi na moja. Watoto tisa, penseli saba, na mtihani wa nadharia ya muziki, daraja la pili. Ni nani aliyenituma mimi?

Leo kituoni, mtaani Lindi, tumerudia ufunguo wa wimbo. Kanuni yangu wanaijua kama majina yao: flati ya mwisho, ile alama ya kushusha noti, iite fa, halafu shuka — fa, mi, re, do. Unapotua kwenye do, hapo ndipo nyumbani. Flati moja tu, ile ya B, unashuka unatua F. Basi. Ndivyo nilivyofunzwa kwaya Kitui, na karatasi zetu zote za sol-fa, zile za do-re-mi, zimeandikwa hivyo juu: Do ni F. Do ni G. Imbeni!

Nikawapa wimbo wenye flati moja, waandike ufunguo wake. Wanane wameandika F. Kathini ameandika D. Nikamwekea X nyekundu. Akauliza, kama nyumbani ni F, mbona wimbo unaanzia D, unaishia D, na wote una huzuni? Nikamwambia wimbo huishia unapotaka. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akafuta D, akaandika F, kwa ule mwandiko wake mzuri.

Miaka kumi na miwili, na maswali hayamwishi. Nimekuwa na hasira naye mpaka nimefika nyumbani Kawangware, na sketi tatu za wateja wangu wa kushona bado hazijapigwa pindo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Chege, msimamizi wa kituo chetu, amepata barua. Kuna shule mjini inafundisha muziki hasa, na itamchukua mtoto mmoja wetu — yule atakayepita vizuri zaidi — na kumsomesha mpaka amalize. Ameisoma mara mbili kwa sauti. Wote tukamwangalia Kathini. Kathini akaangalia viatu vyake.

Halafu Chege akawaambia wazazi kwamba mwalimu wao amesomea muziki. Nilikuwa nakusanya madaftari. Nikaendelea kukusanya! Sijawahi kusema nimesomea. Sijawahi kusema sijasomea pia. Aliisikia kwaya yangu, akaniuliza kama najua nadharia, nikamjibu nimefundisha miaka kumi na mmoja. Ambayo ni kweli. Lakini hizi noti za mistari mitano nimezianza Mei, kwa kitabu, sura moja mbele ya watoto.

Mama Kathini hufua nguo za watu mtaa wa Riruta Satellite. Alinishika mkono pale langoni. "Ticha, mimi hizo vitu za noti sijui. Huyu nimekuachia."



Jumapili, 2 Novemba

Mungu wangu.

Kwaya ilikuwa inaimba ule wimbo wa msiba. Karatasi inasema Do ni F. Nimeongoza wimbo huo labda mara mia. Unaanzia noti ya la. Unaishia la. Mkono wangu ukabaki juu — kama do ni F, la ni nini? Ni D! Kwaya ikanipita, waimbaji wa sauti ya pili wakafika mwisho bila mimi, na watu wakadhani nimeguswa na Roho.

Nyumbani nimefungua kitabu, ile sura niliyoiruka Juni. Niliiruka kwa sababu kwa kwaya yetu sura hiyo haina kazi: wimbo uwe wa furaha au wa kilio, sisi tunatafuta do tu na kuimba. Mtihani hautaki do. Unataka nyumbani halisi kwa wimbo. Alama zilezile za F major, ufunguo wa furaha, ndizo za D minor, ule wa huzuni. Kila ufunguo una ndugu yake, noti mbili chini yake: do, ti, la. Huwezi kuwatofautisha kwa kuhesabu flati. Lazima uangalie wimbo unatulia wapi.

Kathini aliangalia. Mimi nikamwekea X.

Jumanne, 4 Novemba

Sikusema. Nilienda nikiwa nimepanga kusema, nimeyafanyia mazoezi maneno. Chege akaja na kamera kupiga picha za mwalimu na wanafunzi wake. Nikafundisha alama za kunyamaza. Nilichagua vizuri!

Nilipopita nyuma ya Kathini nikaona zoezi la kitabuni, wimbo wa D minor waziwazi. Ameandika F bila kufikiri. Anahesabu flati, anashuka, anaandika. Haangalii tena. Nilimfunza kutosikiliza. Mimi ni mwoga, na huo ndio ukweli.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimesema. Nimewaita wote saa tisa, nikawaambia nilikosea tangu Mei. Halafu nikawaimbisha: tulieni kwenye do. Sasa tulieni kwenye la. Dakika kumi wakashika! Masikio wanayo, ni mimi nilikuwa nimeyaziba.

Chege alikuwa mlangoni. Akasema tutaongea Jumatatu. Hajaniita mwalimu.

Lakini ni wanane waliokuja. Kathini hayupo. Nimepiga simu ya mamake — mteja hapatikani. Nimeenda mpaka kwao, kufuli mlangoni. Jirani anasema wako Satellite kwa tajiri wa mamake, kuna sherehe, watalala huko na kutokea huko huko kesho kwenda mtihani. Nyumba gani, hajui. Nimezunguka Satellite nikiuliza kwenye mageti kama mtu anayetafuta kuku. Sijampata.

Aliyekuwa sawa tangu mwanzo, huyo ndiye sijamwambia.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nje ya ukumbi wa mtihani, kwenye benchi. 

Wanane waliingia mapema. Kathini na mamake wamefika mbio, msimamizi wa mtihani ameshika mlango. Nikamkimbilia. Nikasema, "Kathini, ile D yako —" Msimamizi akanikata, hakuna kuongea na mtahiniwa. Kathini akanigeukia, akaitikia kwa kichwa haraka. "Nakumbuka, ticha. Sitarudia."

Mlango ukafungwa.

Sitarudia! Amedhani namkumbusha kosa.

Mamake ameketi kando yangu. Ananishukuru kwa kumtia moyo mtoto. Naandika tu.

Dirisha liko wazi. Ninamwona, safu ya pili. Amegeuza ukurasa. Anahesabu kwa kidole hewani — fa, mi, re, do. Ameandika. Ametulia.

Ameinua kichwa. Midomo inacheza. Anauimba wimbo, bila sauti. Anaurudia mwisho.

Ameniangalia, mimi, dirishani. Nimetikisa kichwa, na hapo hapo nikaona nimekosea tena, maana atajuaje nakataa ipi, ile do aliyoihesabu au noti anayoisikia mwishoni?

Amechukua kifutio.

Anafuta.