Mtori wa Moto Hadi Musoma

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Juni 1956

Mpendwa mdogo wangu Severa,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Afya yako ikoje, na huyo mgeni wa tumboni bado anakupiga mateke? Shemeji Pantaleo hajambo? Sisi tu wazima, ila kitambi changu kinazidi kunawiri, na mke wangu Candida ananihimiza nami nikajiandikishe kwa mkunga.

Barua yako tuliisoma mbele ya Mama, ambaye yuko hapa kutibiwa macho. Tulipofika pale unaposema unaogopa kuzaa huko Musoma ugenini bila mama wa kukukanda na kukupikia mtori wa ndizi, alivua miwani yake mpya akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Nikamwambia kuna ndege ndogo kutoka Moshi hadi Musoma kila Alhamisi. Akauliza, "Inakaa hewani muda gani?"

Hapo ndipo kaka yako msomi alipoharibu mambo. Unaikumbuka ile ramani inayoficha ufa wa ukuta dukani? Niliazima futi ya fundi Awadhi, anayeshona barazani kwangu, nikaifuatisha barabara kona kwa kona: Arusha, Singida, Shinyanga, Mwanza. Maili mia saba! Nikapiga hesabu ya mwendo wa ndege, nikatangaza kama mwalimu mkuu: masaa matano na nusu.

"Siendi," akasema Mama. "Nikibanwa na haja huko juu, nitamwambia nani asimamishe?"

Siku tatu tulimbembeleza, wapi! Akaanza kufunga mizigo arudi zake Kibosho, macho yamemvimba kwa kulia. Nami nilikuwa nimeshakosa namna ya kukuandikia.

Juzi Awadhi akaja kudai futi yake. Aliposikia kisa alicheka mpaka akakaa juu ya robota la kaniki. "Mchaga wewe! Ndege ipitie Singida kufuata nini, kununua vitunguu?" Akainyoosha futi moja kwa moja, Moshi hadi Musoma. Maili mia mbili sabini na kitu. Masaa mawili na dakika chache! Tangu hapo baraza nzima inaniita Rubani.

Mama hakukubali hivi hivi, unamjua. Jana baada ya misa alipika mtori, akaumimina kwenye chupa ya chai, akaifunga, akaipakata kitini bila kuinuka, aone kama yeye na mtori wake wataiweza safari. Mimi nikawekwa zamu ya kutazama saa ya ukutani. Candida akisogea tu, "Usiiguse!" Awadhi naye akaja kushuhudia, mwenyewe kabeba bakuli lake. Yalipotimia masaa mawili na nusu, Mama akafungua. Mvuke ukapanda ukafunika miwani yake yote!

"Kumbe Musoma ni karibu hivi," akasema. "Nikatieni tiketi."

Nimekata leo asubuhi. Kesho anapanda basi la Moshi. Alhamisi ya tarehe 28 atapika alfajiri kwa ndizi za nyumbani, kisha moja kwa moja kiwanjani. Pantaleo awahi kumpokea, na asijaribu kumpokea hiyo chupa, hatapewa.

Candida na watoto wanakusalimu sana, na Awadhi pia, ambaye anataka mtoto akiwa wa kiume aitwe jina lake. Msalimie shemeji. Mungu akufungue salama, wewe na mwanao.

Siku hiyo usipike chochote. Mama anasema weka bakuli na kijiko tu.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Theophil (Rubani)