Mtani Asiyeweza Kurudisha

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini siwezi kukugombeza bila kukuamkia kwanza, ungesema sina adabu. Na leo nimekuja kukugombeza.

Wiki mbili zilizopita, hapa Kinampanda, watoto wa shule ya Jumapili waliwekewa katuni ya Kikristo kwenye televisheni ya kanisa. Ilihusu namna ya kukabiliana na mtoto mwonevu. Mtoto wa kwenye katuni anasukumwa, anachekwa, ananyang'anywa mkate wake. Anaomba Mungu, anasimama wima, anasema, "Acha, sipendi," kisha anakwenda kumwambia mtu mzima. Mtu mzima anainuka papo hapo. Punde si punde mwonevu analia, anaomba msamaha, wote wanaimba. Sisi wazazi tuliokaa nyuma tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana nilimwona Tumaini wangu amekaa mbele kabisa, hapepesi macho.

Unakumbuka kigugumizi cha Tumaini. Wewe ndiye uliyekuwa na subira naye. Ulikuwa ukipepeta mtama, yeye akianza kusema unausimamisha ungo, unamtazama mdomoni mpaka neno litoke. Sisi wengine tulikuwa tunammalizia ili tuendelee na kazi zetu. "Mwacheni," ulikuwa ukisema, "neno ni lake." Kwa hilo nakushukuru, na ndiyo maana haya mengine yananiuma zaidi.

Jumatatu Tumaini alifanya kama katuni. Anayemwonea ni Jeni, mtoto wa kaka, wako darasa moja. Kila Tumaini akifungua mdomo, Jeni anamwiga, na darasa zima linacheka. Basi akaomba kimoyomoyo, akasimama wima, akasema, "A-a-acha, si-si-sipendi." Yule wa kwenye katuni alitamka neno lake mara moja tu, mama, likatoka limenyooka. Wa kwangu hata hajalimaliza, darasa lilikuwa linaliimba pamoja naye. Aliyeitengeneza ile katuni hakumfikiria mtoto wa namna hiyo, wala sisi tuliopiga makofi.

Ikabaki hatua ya mwisho, kumwambia mtu mzima. Mtu mzima ndiye mimi. Nilikuwa uani nachambua alizeti, akaja akanieleza, ikachukua muda mrefu, na mikono yangu haikusimama hata kidogo. Alipomaliza nikacheka, nikamwambia, "Jeni ni binamu yako, ni mtani wako. Mtani hanuniwi."

Umeyatambua hayo maneno? Ni yako. Elia, mtoto wa shangazi, alikuwa ananisubiri mlangoni nikitoka kisimani na ndoo kichwani, anaisukuma maji yote yanamwagika. Nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa unacheka mpaka unafuta machozi, unaniambia mtani hanuniwi, halafu unanirudisha kisimani. Nilikuwa nalia njia nzima, na kesho yake anamwaga tena. Sikuwahi kukuambia kwamba niliyekuwa namchukia saa zile si Elia. Ni wewe.

Siutukani utani, mama. Siku ya mazishi yako Elia huyohuyo alijifunga kitenge chako, akatembea mkono kiunoni kama wewe, akawafokea kuku, na mimi niliyekuwa nimegoma kula siku mbili nikacheka mpaka nikaomba uji. Huo ndio utani. Lakini utani ni kurushiana, ukinipa nakupa. Tumaini atarudisha nini, kwa mdomo upi? Mbona hilo hamkutufundisha? Mmetuachia nusu ya mila, tena ile nusu inayomfaa mwenye mdomo mwepesi.

Alhamisi alirudi na sketi imelowa. Alijizuia asubuhi yote mpaka akashindwa, kwa sababu kwenda chooni kunaombewa ruhusa, na ruhusa inaombwa kwa sauti.

Nilimbadilisha nguo, nikamshika mkono, tukaenda kwa kaka. Kaka akasema nakuza mambo, Jeni anatania tu, na tangu lini ndugu wakashitakiana kwa utani. Wifi akasema wakikua wataelewana. Nikawaambia sikuja kugombana, nataka tu wamsikilize Tumaini, na Jeni awepo. Tukakaa. Tumaini akaanza. Kwenye neno la pili kaka akataka kummalizia, nikamwambia, "Mwache, neno ni lake." Wifi akainuka kwenda kuangalia maharage, nikamvuta khanga akakaa. Harufu ya kuungua ikatufikia, hakuna aliyeinuka. Alichosema Tumaini kilikuwa kifupi: anaogopa shule.

Jeni alikuwa anatazama sakafu. Hakulia, hakuomba msamaha, na hakuna aliyeimba. Kaka hadi leo ananisalimia kwa mbali, anasema nimemnunia mtoto mdogo. Nikimuuliza Tumaini kama Jeni ameacha, anajibu siku nyingine anaacha, siku nyingine haachi. Nimechoka, mama. Nimechoka kuambiwa navunja undugu, wakati anayevunjika ni mtoto wangu.

Njiani kurudi nilimsimulia habari za Elia na ndoo, nikidhani namfariji. Akaniuliza bibi alisema nini. Ningeweza kudanganya, anakupenda mno na wewe hupo kujitetea. Nikamwambia ukweli: bibi alisema mtani hanuniwi.

Tukatembea kidogo. Kisha akaanza, "Na we-we-wewe..."

Neno hilo moja lilitosha, nilijua anakokwenda. Ningeweza kummalizia, au kumwonyesha mbuzi barabarani akasahau. Nilisimama, nikamtazama mdomoni kama ulivyokuwa unafanya, nikangoja mpaka likatoka lote.

"Na wewe u-u-ulisema hivyohivyo."

Pumzika, mama. Nitakuja kupalilia kaburi lako kama kawaida, lakini bado nimekununia. Nina haki. Wewe hukuwa mtani wangu, ulikuwa mama yangu.

Mwanao, yule wa ndoo.