Hatua Ulizotembea Baada ya Kuzikwa

Baba,

Tulikuzika Jumanne. Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni, simu yangu ililia juu ya meza ya cherehani ikaniambia: "Hongera! Baba amefikisha hatua elfu sita leo."

Nilikuwa hapa Makambako, kwenye kibanda changu, napindia kola ya shati la shule. Sindano ikanichoma kidole na wala sikusikia. Nikasoma tena. Baba. Hatua elfu sita. Nikatoka nje nikasimama kando ya barabara, malori yanapita kuelekea Mbeya, simu bado mkononi. Mteja wangu ananiuliza, dada Twilumba, umepatwa na nini? Ningemjibu nini? Kwamba baba yangu, niliyetupa udongo kaburini mwake kwa mkono huu huu, anatembea?

Nakuandikia kwa sababu nimekasirika sana, na tangu utotoni nikikasirika nilikuwa nakuja kwako. Sasa niende kwa nani?

Nilipopata pumzi nikajua ni mwizi. Siku za msiba nyumba ilijaa watu, kwa hiyo kuna mtu kaibeba saa yako ya kuhesabu hatua, kaivaa, anatamba nayo mjini. Nikaapa nikimpata atanitambua. Jumamosi asubuhi nikafunga kibanda na kupanda gari la Njombe.

Njia nzima nilikuwa naiwaza siku tuliyoiseti ile saa. Ilikuwa Juni, mtaa wetu wa Mjimwema wote ukungu, tumekaa karibu na jiko la mkaa, wewe na makoti yako mawili. Daktari alikuwa amesema moyo wako unataka utembee kila siku. Nikakuletea saa ya kuhesabu hatua, nikaahidi kwamba kwa kuiunganisha na simu yako, mimi nitaziona kwenye yangu kule Makambako. Programu ikaomba ruhusa ya kujua mahali ulipo, ukaitazama kwa jicho baya. "Anataka kujua nilipo ya nini? Nina deni naye?" Tukacheka. Ikauliza urefu. Nikataka kuandika kwa kukisia, ukanishika mkono. Ukaenda kutoa futi yako ya kazini, ile uliyopimia mbao miaka yote, ukasimama wima kwenye mlango nikupime. Ikauliza uzito, na hapo ndipo uliponichosha kabisa. Ukavaa kofia ukaenda kwa jirani anayenunua viazi, ukapanda juu ya mizani yake ya magunia, ukarudi na namba umeiandika kiganjani kwa peni.

"Hatuandiki kitu ambacho hatujakipima," ulisema.

Hayo ni maneno yako, Baba. Yako mwenyewe.

Nilifika nyumbani saa tano. Hapakuwa na mtu. Simu yako ilikuwa mezani, inachajiwa. Mama haizimi, anasema bado kuna watu wanapiga kutoa pole. Nikakaa kibarazani kusubiri. Baada ya muda nikamwona Mama anapandisha kutoka shamba, jembe begani, kanga ya msiba kiunoni. Na kwenye mkono wake wa kushoto, juu ya sweta, kaifunga saa yako.

Nikasahau hata kumwamkia. Nikauliza tu ameivaa tangu lini. Nilitegemea atasema jana. Atasema nimemkumbuka baba yako nikaivaa, basi, tulie pamoja yaishe. Mama hakulia. Aliegemeza jembe ukutani, akaanza kukwangua udongo kwenye mabuti kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Tangu tulipoanza kupanda viazi," akasema.

Viazi vilipandwa Novemba, Baba. Umekufa mwisho wa Januari.

Sikuelewa. Alilazimika kunieleza mara mbili. Kwamba mvua zilipoanza, miguu yako ilivimba na pumzi ikawa inakuishia getini. Kwamba kila saa kumi na mbili jioni simu yangu ilipoingia ulikuwa unakaa vizuri kwanza ndipo uipokee, maana ulijua nakuja na ukali wangu. Mbona leo mia tano tu? Mbona umekaa? Unataka nije nikusukume? Na kwamba asubuhi moja ulivua saa ukampa Mama wakati anakwenda shamba, ukamwambia, "Nenda nayo, mtoto atulie." Jioni akirudi inakutana na simu yako, namba zinakuja kwangu. Elfu saba. Elfu nane. Nami nakupigia kukusifu! Nilikuwa nawaonyesha wateja, oneni mzee wangu, nyie vijana mnapanda bodaboda kwenda dukani. Watu wakakupigia makofi hapa kibandani. Nawe ulinisikiliza nikikusimulia hayo yote.

Nikamwuliza Mama kwa nini alikubali. Akasema ulimwambia kwamba nikijua nitaacha kushona wakati wa sare za shule ndio huu, nije kukaa nikutazame ukifa. Akasema, "Baba yako nimeishi naye miaka arobaini. Ningemkatalia vipi?" Akasema hata sasa akienda shamba mkono unaifunga wenyewe. Halafu akaingia jikoni kuwasha moto.

Nilikuchukia, Baba. Acha niseme. Pale pale kibarazani nilikuchukia. Mtu ambaye mbao ikipungua nusu inchi alikuwa anairudisha na kugombana na tajiri! Kumbe kwa mwanao unaweza kuandika elfu nane wakati huwezi kufika getini. Ningekuja. Ni saa moja na nusu tu kutoka hapa. Ningekupeleka hospitali nikakaa nje ya wodi mpaka waseme jambo la maana. Labda ungepona, labda usingepona. Umenizika na mimi katika hiyo labda.

Nikachukua simu yako nikafungua programu. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda ushahidi wa kukugombeza vizuri. Nikarudi siku moja moja nyuma. Hatua zipo, zimejaa. Chini yake kuna mahali pa mapigo ya moyo, na hapo, tangu Novemba, ni patupu. Vistari tu. Mama na baridi yake anaivaa juu ya sweta. Saa haiwezi kusoma moyo kupitia sufu. Kuanzia Juni hadi Oktoba moyo wako upo, kila siku, kisha kimya.

Na mimi niliviona vile vistari. Nakumbuka. Niliwahi hata kukuuliza, mbona moyo hausomi, ukasema ni baridi ya Njombe, nikakubali, nikarudi kwenye hatua. Mimi fundi nguo, ninayeshinda na mikono ya masweta, sikufikiri hata dakika moja. Miezi mitatu saa iliniambia kwamba wewe hupo. Krismasi nilikuja nikakuta umekaa na blanketi miguuni. Nikakubusu nikasema usizoee kukaa, nikaondoka kesho yake kwenda kukata vitambaa. Hasira niliyokuja nayo ikageuka. Ikanipata mimi, Baba, na sikuwa na pa kuikimbilia.

Nilikuwa nakaribia kuifunga simu nilipofika Jumamosi yako ya mwisho. Ile ambayo kesho yake, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa, ulikuwa umeshakwenda. Siku hiyo moyo unasomeka. Asubuhi mpaka jioni, unakwenda mbio, unapungua, unakwenda mbio tena. Na hatua arobaini na moja.

Nikamwita Mama. Akaja na mikono ya unga, akatazama, akakaa chini. Akasema asubuhi ile ulimwomba saa. Ulisema, "Leo naivaa mwenyewe." Ulitoka kitandani mpaka kwenye mlango wa mbele, ukashika fremu, ukatazama nje mvua inavyonyesha, ukarudi. Hukutaka akushike. Ilikuchukua muda mrefu mno, Mama alisema, mpaka chai ikapoa. Kisha ukakaa siku nzima unasubiri nipige.

Nami nikapiga, Baba. Saa kumi na mbili kamili, nina mashati thelathini hayajawekwa vifungo, nimechoka, nikaona namba. Unakumbuka nilivyosema? Nilisema, "Arobaini na moja? Hata kuku wa Mama wamekushinda leo." Ukacheka mpaka ukakohoa. Nikasema kesho nisione upuuzi huu. Ukasema, "Lakini hizi ni zangu, mwanangu."

Nikasema haya, usiku mwema, nikakata.

Sijui nitalibeba vipi hili. Nimemwambia Mama asiivae tena kwa ajili yangu. Kama anaipenda aivae, lakini mimi simhesabii mtu tena. Nakuahidi kila Jumamosi nitafunga kibanda nije nimtazame kwa macho, miguu yake, pumzi yake, na akisema hajambo nitakaa mpaka chai ya pili ndipo niamini. Na ukali wangu nitaupunguza. Siwezi kuahidi kuumaliza, unanijua.

Lala, Baba. Zile arobaini na moja nimezipokea. Nisamehe nilikuwa na haraka, sikukushukuru.

Mwanao,
Twilumba