Majalada ya katuni za baba watoto

Shoga, nimejifungia chooni.

Lile sanduku la vitabu vya katuni vya baba watoto, ambavyo kila siku naviita takataka? Leo kaleta mnunuzi! Mzee wa watu anasema vya zamani hivyo watu huviuza bei ya kutupa, kumbe ni mali, mradi jalada liwepo.

Jalada liwepo, shoga! Nami yote niliyabandua nikajalidia madaftari ya binti yangu.

Baba watoto anagonga: "Mama watoto, ufunguo wa sanduku uko wapi?" Ninao mkononi.

Nawe huko kwako usithubutu kugusa katuni za shemeji, nakuonya.

Mungu wangu, binti karudi kutoka shule. Namsikia mgeni: "Mjukuu wangu, hebu nilione hilo daftari."