Upindo wa Gauni la Kijani

Fundi Yusufu,

Natangaza rasmi, kwako wewe uliye huko na kwa cherehani iliyobaki huku, kwamba upindo wa gauni la kijani umekamilika. Umeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi yake, mishono midogo midogo kama ulivyotaka, na haukuvuta popote. Wananchi waendelee na shughuli zao kwa utulivu.

Basi, hiyo ndiyo habari nzuri. Nyingine ni kwamba kuna mwanajeshi ananitafuta.

Leo mchana nilikwenda sokoni kutafuta zipu. Kurudi, Mama Asha wa sambusa ananiambia: "We, kuna mwanajeshi amepita hapa. Anauliza fundi wa gauni ya kijani. Nimemwambia kesho asubuhi utakuwako." Nikamuuliza kwa nini amemwambia hivyo. "Sasa ulitaka nimudanganye mutu wa bunduki?" Akaendelea kugeuza sambusa zake. Siwezi kumlaumu.

Nimefunga duka mapema. Nimekaa kwenye kiti chako, na mshumaa umebaki kipande. Nimefikiria kukimbia. Lakini nikikimbia atajua nina la kukimbia, na mimi mbio zangu nilizimaliza siku ile nilipokimbia risasi za mtaa wetu wa Carama na kiatu kimoja, nikaanguka mlangoni kwako, ukanipa nguo ya kushona kabla hujaniuliza jina. Kwa hiyo nakaa. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe mtu pekee ambaye hatamwambia yeyote.

Unajua gauni lilivyoanza. Ulisema una mteja, Bi Zawadi, mwanamke wa heshima zake, asiyetoka nyumbani siku hizi kwa ajili ya risasi. "Ana mabega yako yako," ukasema. "Simama nikupime badala yake." Nikasimama. Hukuona ajabu kumpima mwanamume gauni la kike, nami nikajitahidi nisione ajabu. Kwenye daftari la vipimo ukaandika: Bi Zawadi, bega arobaini na sita, mrefu. Nikamwonea huruma. Mwanamke mwenye bega la arobaini na sita, nilidhani anapakua magunia bandarini.

Kikohozi kikakuchukua kabla ya upindo. Siku zile za mwisho ulinishika mkono ukasema: "Upindo umalize mwenyewe. Mteja atakuja." Nikangoja. Tukasoma arobaini yako, tukala wali, wateja wako wakaja mmoja mmoja kuchukua nguo zao na kunipa pole. Bi Zawadi hakuja. Nikafungua daftari nijue nimpelekee wapi. Kila mteja wako ana mtaa, na jina la mtu wa kumuulizia. Bi Zawadi hana mtaa. Hana mume, hana baba. Ana bega tu, na bega ni langu.

Hapo nikakumbuka ile siku nilipojizungushia kitambaa cha harusi mbele ya kioo, nikidhani umekwenda kuswali. Ulikuwa umesahau kofia, ukarudi. Uliniangalia. Ukasema kioo kina vumbi, nikifute, ukachukua kofia yako ukaenda zako.

Kwa nini hukuniambia, Fundi. Miezi yote ile tumekaa bega kwa bega. Ningekuambia na mimi. Ningekuambia... sijui ningekuambia nini.

Nikakaa nikashona upindo.

Mahali pa kulivaa nilionyeshwa na Dezire, yule kinyozi wa Rohero aliyekuwa akituletea suruali zake tuzibane, na kila tukizibana anasema bado. Kuna baa nyuma ya gereji moja huko Rohero, ya mama mmoja anayeitwa Mama Klara. Jumamosi mlango unafungwa kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje, maana saa tatu ya usiku ikigonga hakuna mtu anayeruhusiwa njiani, na haufunguliwi mpaka alfajiri. Ukiingia, umeingia. Dezire aliniambia hiyo ndiyo raha yake. Mimi nilichosikia ni kwamba hakuna pa kutokea.

Jumamosi iliyopita nililivaa chooni, taa ikiwa mbovu. Nilipotoka nikamkuta Mama Klara amesimama, suti ya kiume, tai, viatu vinang'aa. Akaniangalia toka juu mpaka chini. Nikajua sasa nafukuzwa. Akainama kidogo, akashika ncha ya gauni. "Dada," akasema, "upindo huu nani amekushonea? Umenyooka sana."

Dada. Nikauinamia na mimi upindo, kama ndiyo naanza kuuona. Ingekuwa wewe ungetaja bei.

Walikuwa watu kama ishirini. Wengine wamevaa kama mimi, wengine kama Mama Klara, wengine wamevaa vya kila siku na wamekuja kukaa tu. Huku nje mtu anatazamwa pua kwanza ndipo ijulikane ni wa upande gani wa vita hivi. Mle ndani hakuna aliyenitazama pua, walitazama gauni. Dezire alinipaka rangi nyekundu kwenye kucha, akinigombeza: "Tulia, we! Unavuta vuta mikono kama unaiba kuku." Nikamwambia naogopa. Akasema wote wanaogopa, ila wengine wamezoea kuogopa wakiwa wamependeza.

Mara risasi zikasikika huko milimani. Nilidhani muziki utaongezwa ili tusisikie. Mama Klara akaupunguza. Tukasimama wote tulipokuwa, mikono bado juu ya mabega ya wenzetu, tunasikiliza. Akasema, "Iko mbali," akaufungua tena. Hivyo mara tatu. Nilicheza nyimbo nne. Mbili nilicheza nikiutazama mlango. Mbili, Fundi, sikuutazama. Gauni lilikuwa linazunguka. Ulilikata mshazari, nilikuwa sijui kwa nini, sasa najua.

Alfajiri kila mtu anarudi kuwa yule wa kwenye karangamuntu, kitambulisho chake. Maji yalitosha, sabuni ilitosha. Dawa ya kutoa rangi ya kucha haikutosha. Mimi mgeni, nikaona adabu nijipange wa mwisho, na chupa ilipofika kwangu ilikuwa imebaki harufu. Nikatia mikono mfukoni, gauni ndani ya mfuko wa plastiki kwapani, nikaondoka.

Kwenye barieri, kile kizuizi cha kuingilia mtaa wetu wa Buyenzi, alikuwa mwanajeshi mmoja, mtu mzima, mnene, kijiti mdomoni. Huwezi kumpa mwanajeshi karangamuntu ukiwa umetia mikono mfukoni. Nilijaribu kufikiri njia, hakuna. Niliitoa kwa vidole vilivyokunjwa kama mwenye ukoma. Akausoma mfuko kabla ya kuisoma karangamuntu yenyewe. Akalivuta gauni, akalinyoosha barabarani, kijani kama nini.

"Hii ya nani?"

"Ya mteja, afande. Mi fundi."

"Mteja gani anaamka saa hii?"

"Bi Zawadi." Jina lilitoka lenyewe. Wallahi nilikuwa sijui kama linatoka.

Akanitazama. Akagusa kifungo cha kifuani kwake, kilichoning'inia kwa uzi mmoja. "Kama we ni fundi, shona hii."

Wewe ulikuwa unanikataza kumshona mtu nguo ikiwa mwilini. Avue kwanza, ulisema, utamchoma. Sasa nenda kamwambie mwenye bunduki avue. Nikatoa sindano kwenye kola, nikavaa subana yako, ile ya shaba, ambayo siku zote iko mfukoni mwangu. Ilificha ukucha mmoja. Tisa zikabaki. Nikasogea mpaka nikasikia pumzi yake, na mdomo wa bunduki ulikuwa unanigusa goti kila akihema. Nikashona. Niliona macho yake yakishuka kwenye vidole vyangu. Yakakaa hapo. Sijawahi kushona kifungo kirefu namna ile.

Nikakata uzi. Aliuliza tu, "Duka lako liko wapi?" Na mimi kwa hofu, badala ya kumtajia mtaa wowote, nikasema ukweli wote: Buyenzi, kwa marehemu Fundi Yusufu, jirani na Mama Asha wa sambusa. Kidogo nimpe na vipimo vyangu.

Nilifika nyumbani nikazikwangua kucha kwa wembe mpaka damu. Nikajiambia yamekwisha. Siku tatu yalikuwa yamekwisha. Leo ndiyo amekuja kuniulizia.

Namfikiria usiku huu. Nafikiri alikaa nazo zile kucha kichwani, akazihesabu, akazilinganisha na bega la arobaini na sita, hesabu ikakubali. Kijana wa mtaa wa pili alichukuliwa kwa jambo dogo kuliko hili, na mama yake bado anapika chakula cha watu wawili. Mimi sina wa kunipikia. Mkasi wako mkubwa nimempelekea Mama Asha, nikamwambia aniwekee mpaka nipate wa kuunoa. Gauni liko ndani ya mto wa kiti cha cherehani. Daftari nilitaka kulichoma, nikashindwa, ni mwandiko wako.

Mshumaa unaisha. Sina maneno makubwa. Ulinipima bila kuniuliza, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipima akapata. Nakuahidi hivi: kesho akiniacha, nitalivaa tena, Jumamosi yoyote Mama Klara atakayofunga mlango. Na kwenye daftari, mbele ya jina la Bi Zawadi, nitaandika "amechukua," kama ulivyokuwa ukiandika kwa wateja wote. Asiponiacha, utanisikia nikibisha huko. Nifungulie polepole, nitakuwa nimechoka.

Lala, Fundi wangu.

Saa nne asubuhi. Amekuja. Alikuwa peke yake, na shati mkononi. Siku ile sikuzungusha uzi mara tatu chini ya kifungo kama ulivyonifundisha, nacho kimetoka; ameleta nikirudishie.