Hindi Lako Lilifika Likiwa Moto

Baba mpendwa,

Nimefika Bungoma salama. Ile ndege ndogo ya kazini ilitumia robo saa tu kutoka Kitale, lakini tulipokaribia kutua, ng'ombe walikuwa katikati ya uwanja. Rubani akapaa tena ghafla. Nilikumbatia lile hindi la kuchoma ulilonipa langoni, nikawaza: kumbe tumeagana hivi, tukiwa tumenuniana.

Mamake Wafula alikuwa akinisubiri nje ya ua. Nilimwambia ukweli, kwamba umekataa kuja Jumamosi wazee wakizungumzia ndoa yangu na Wafula, kwa sababu huku ni mbali. Akavunja hindi, akapuliza vidole.

"Mbali wapi, bana? Si hili bado linachoma! Mwambie baba yako jogoo wa kumkaribisha tumeshamfunga kamba."

Tulikula nusu kwa nusu, tukiwa tumesimama.

Rubani anarudi Kitale sasa hivi, atakuletea kadi hii. Baba, ndege siiogopi tena. Naogopa kiti chako kikibaki kitupu. Njoo, hata kwa barabara, na uniletee hindi lingine.

Akupendaye,
Wanjiru