Ua Lililotundikwa Nyuma ya Mimbari

Rinkeby, Stockholm
Alhamisi, mwezi wa kumi

Kwa Kaka yangu Baudouin,
Jordbro

Kaka mheshimiwa,

Pokea salamu zangu kwa kadiri unavyostahili. Natumai barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji Hortense na binti yetu Nicole. Zaidi ya wote namuulizia Mama: je, magoti yamempa nafuu? Je, analala? Mimi afya yangu ni njema, isipokuwa hasira, ambayo sijaiona dawa yake. Nakutajia kusudi langu mapema ili usije ukasema nimekuzungusha: ninaomba uamuzi wako wa mwisho, kwa maandishi, juu ya amri uliyonipa ya kuhama nyumba hii kabla ya mwezi kwisha.

Utaona nimekuita Kaka. Neno Yaya, tunalowaitia wakubwa wetu kule Bukavu, nimeliacha makusudi. Ni neno la upendo, na wiki hii sina wa kukupa.

Sipingi kwamba nyumba ni yako. Ulipohamia Jordbro ukaniacha hapa kwa andrahand, yaani upangaji wa mkono wa pili, jina lako lilibaki kwenye mkataba na kwenye mlango, na ufunguo wa pili ukabaki mfukoni mwako. Najua pia kwamba sheria ya nchi hii hairuhusu hata mmea mmoja wa bangi, uwe wa kuuza au wa kutazama tu. Kwa hiyo sikuandikii kujitetea mbele ya sheria. Ninajitetea mbele yako, na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu mahakama husikiliza pande zote mbili.

Kazi yangu umeiita uchawi wa kabatini. Naomba niieleze kama ilivyo. Katika lile kabati la ukutani ulimokuwa ukitundika suti zako, kwa miaka kadhaa nimezalisha mimea: dume hili kwa jike lile, watoto wao nikawachagua, wengi nikawatupa, wachache nikawatunza, hadi nikapata ukoo wangu mwenyewe. Ukoo huo unanukia limau. Si limau la sabuni. Ni ganda la limau bichi lililokwaruzwa kwa ukucha. Siuzi. Sivuti. Niliionja mara chache kama mpishi anavyoonja mchuzi, nikapata njaa na usingizi, basi. Furaha yangu ni kungoja nione mtoto amechukua nini kwa baba na nini kwa mama. Wenzangu hufuga njiwa na hakuna anayewaita wachawi.

Furaha yangu ya pili ni kamera. Nina lenzi ya kupigia vitu vidogo, na kwa ajili yake nimepiga magoti katika bustani ya wapangaji hapa chini mara nyingi kuliko nilivyopiga kanisani: mguu wa nyuki uliobeba chavua, barafu kwenye ukingo wa jani la lengalenga, mchicha wa kwetu, pembe za konokono. Kisha narudi ndani, nafungua kabati, na kulipiga ua la bangi kwa karibu kiasi kwamba sehemu ndogo kuliko punje ya mchele inajaza picha nzima. Hapo huoni jani, huoni tawi. Unaona msitu wa vinyweleo, na juu ya kila kimoja kichwa cha duara kinachong'aa kama tone la kioo, na katikati yake nyuzi za rangi ya kutu. Sijaona kitu kizuri zaidi katika mji huu, na makumbusho yao nimeyatembelea.

Picha hiyo ndiyo iliyotuletea vita. Mama Spéciose, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, alikuwa anatafuta pambo la ukumbi kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Tukinywa kahawa baada ya ibada aliichukua simu yangu, akaanza kuzipitisha picha kwa kidole. Nilimwelekeza kwenye ua la boga, nikamsifia nyuki. Akasema nyuki wamemchosha, hata kalenda ya daktari wake wa meno ina nyuki. Alipofika kwenye ile ya kabatini, aliisogeza simu karibu na macho, akauliza kama ni asali au ni lulu. Nikamjibu kwamba ni ua. Akasema, "Basi ni hili, na usinibishie, wewe Emery, kesho linakwenda kuchapishwa." Nilipaswa kubisha. Lakini tangu nifike nchi hii hakuna mtu aliyewahi kung'ang'ania kitu nilichokitengeneza mimi, nami nikaona utamu, nikanyamaza. Hilo kosa nalipokea. Ni langu.

Jumapili iliyopita ilining'inia nyuma ya mimbari, pana kuliko mlango. Wewe uliketi mbele na wazee wenzako. Mchungaji Ludovick aliitazama kwa muda, akayaacha mahubiri aliyoyaandaa, akahubiri juu ya umande, jinsi Mungu anavyopamba hata pale ambapo jicho la mtu halifiki. Watu wakaitikia kwa nguvu. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, shati limenigandia mgongoni. Ndipo uliposimama wakati wa matangazo, bila kuitwa, ukanyoosha mkono na kusema, "Ondoeni takataka hiyo mbele ya watu wa Mungu. Hiyo ni bangi ya mdogo wangu."

Wengi walicheka, wakidhani ni utani wa ndugu. Mama Spéciose alipaza sauti kwamba bangi anaijua, ilikuwa inaota nyuma ya choo cha askari kule Uvira, ina majani kama vidole vya mkono. "Mzee Baudouin, tuonyeshe kidole hapo, hata kimoja tu!" Ukumbi ukalipuka. Mtu mwingine akakushauri ukapime macho, kwamba siku hizi miwani inapatikana upesi. Ungeketi wakati ule, Kaka, mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini wewe kuchekwa hukuwezi. Ulipanda hadi kwenye picha, ukaweka kidole juu ya zile nyuzi, ukatufundisha sote: kwamba huanza zikiwa nyeupe, zikiiva zinageuka rangi ya kutu, kwamba vile vichwa vinavyong'aa hunata vidoleni kama gundi, na kwamba vinanuka limau, harufu ambayo hata ukinawa kwa sabuni haikuachii upesi.

Kicheko kilikatika. Akina mama waliishusha picha, wakaikunja kama shuka la mgonjwa. Mama Spéciose alinipita mlangoni akasema, "Emery, umenifanya niipigie makofi," wala hakunipa mkono.

Kabla sijafika kituo cha treni, ujumbe wako ulikuwa umeingia. Naunakili hapa, nikiwa nimekusahihishia tahajia: "Utoke nyumbani kwangu, mwezi usiishe. Beba na majani yako, mchawi wa kabatini we. Jina langu ndilo liko mlangoni, polisi wakija watanishika mimi. Mama asijue kwamba nimekufukuza."

Sasa naomba usome polepole.

Picha hainuki, Kaka.

Mama Spéciose, aliyeiona bangi utoto wake wote, hakulitambua ua lile. Mchungaji hakulitambua. Wewe ulilitambua, na juu ya kulitambua ukataja harufu ambayo haimo kwenye picha, haimo kwenye bangi ya Uvira, na haimo popote ninapopajua isipokuwa kabatini mwangu. Nawe kila uliponitembelea uliketi sebuleni bila kuvua koti, ukakataa chai, ukalalamika kwamba nyumba ina joto. Kabatini hukuwahi kuchungulia nikiwepo.

Hilo sikulijua kwa mara ya kwanza Jumapili. Nililijua tangu masika. Mtu anayezalisha mimea huipiga picha kila wiki, tawi lile lile, kutoka upande ule ule, ili aone inavyokwenda. Nikaanza kuona ncha za matawi zimepungua. Nilizikuza kwenye kompyuta, nikaona zimekatwa kwa mkasi, mkato ulionyooka, daima kwenye chungu kilicho mbele. Panya hana mkasi, na ufunguo wa pili anao mtu mmoja. Niliwaza kubadilisha kitasa. Kisha nikaja Jordbro kumsalimu Mama.

Ulikuwa kazini siku ile. Shemeji Hortense alikwenda dukani, nami nikaketi jikoni na Mama, kikombe chake kikifuka mvuke mezani. Harufu ilinifikia kabla sijakaa vizuri. Nilimuuliza ni chai gani. Mama akasema ni majani ya Bukavu, shangazi anakutumia wewe, Kaka, tena ni wewe tu unayejua kuyachemsha. Nicole, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, akatupia kwa Kiswidi, "Farmor sover hela natten nu", kwamba bibi siku hizi analala usiku kucha. Mama akacheka. Akasema chai ni nzuri, ila ile ya kwanza kabisa ilikuwa kali mno: ilimwonyesha marehemu baba ameketi juu ya friji, miguu inaning'inia, naye akamwambia, "We mzee, shuka hapo, unawaamsha watoto."

Nilicheka pamoja naye. Kwenye treni ya kurudi sikucheka. Mwanamke wa umri ule, mwenye magoti yale, angeweza kuinuka kumteremsha marehemu kwenye friji akavunjika nyonga. Wewe hukujua unamnywesha nini wala kiasi gani. Yeye mwenyewe hajui mpaka leo. Hukumuuliza daktari, hukuniuliza mimi niliyeupanda mmea, na hukumuuliza yeye ambaye kinywa ni chake.

Hapa ndipo ninapokiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikubadilisha kitasa. Nilirudi kabatini nikaanza upya. Niliutafuta mmea mpole kuliko wote niliokuwa nao, nikauchanganya na ule wa limau, nikachagua watoto wenye harufu ile ile ili Mama asishtuke, lakini wasio na nguvu ya kumwonyesha mtu juu ya friji. Nilipompata niliyemtaka, nilikisogeza chungu chake mbele kabisa, mahali ambapo mkono wako hufika kwanza. Kila Alhamisi niliposafiri kwenda kazini nilijua utaingia, na nilikuachia mkasi mkali kwenye rafu, kwa sababu ule wako ulikuwa unauponda mmea. Wewe ulikuwa unaiba, na mimi nilikuwa ninakupangia cha kuiba.

Ndiyo maana neno lako la Jumapili limeniunguza. Mgeni angenitukana ningevumilia. Wewe ulisimama na harufu yangu vidoleni, ukanikabidhi kwa watu ili mikono yako ionekane safi. Ningeweza kupaza sauti kutoka nyuma nikuulize umejuaje inanukia nini. Swali lilikuwa mdomoni. Lakini Mama alikuwa safu ya pili, na mto wake mgongoni, anakutazama jinsi anavyokutazama siku zote unaposimama mbele ya watu, wala sidhani harufu uliyoitaja aliiunganisha na kikombe chake. Nililimeza. Usidhani nililimeza kwa ajili yako.

Jumanne nimekutii. Nimeng'oa kila kitu. Taa nimezishusha, vyungu nimeviosha, na kabatini hamna kitu isipokuwa hewa na hanga zako. Polisi wakija watakuta nyumba ya mtu mpweke mwenye kamera. Mtungi wa chai niliouona nyuma ya unga wa muhogo jikoni kwako ukiisha, hakuna mwingine. Shangazi wa Bukavu amefunga duka.

Kilichobaki ni mbegu za ule ukoo mpole, nazo zinaenea kwenye kiberiti kimoja. Najua kwamba barua hii inatosha kunipeleka mimi kwa hakimu. Ukiisoma tena utaona inatosha kukupeleka na wewe, kwa hiyo itunze vizuri.

Ukiniandikia nihame, nitahama kabla ya mwezi kwisha na ufunguo nitautia kwenye tundu la barua. Mbegu nitazimwaga chooni siku hiyo hiyo. Nawe utamketisha Mama umweleze kwa kinywa chako alikuwa anakunywa nini, kilitoka wapi, na kwa nini kimekwisha. Ukiniandikia nibaki, basi andika na nusu ya pili: kwamba unajua nitapanda, kwamba ninapanda kwa ombi lako, na kwamba Mama ataambiwa ukweli kabla ya kikombe kingine ili achague mwenyewe. Weka sahihi yako chini. Sitapanda tena kwa kufichiana na mtu anayenihukumu hadharani. Ukikaa kimya nitahesabu umeniambia nihame.

Msalimie sana shemeji Hortense, ambaye sina neno naye. Nicole mwambie baba yake mdogo hajasahau picha ya paka aliyomwahidi kumfundisha kuipiga. Mama mwambie nitakuja Jumapili baada ya ibada kumkanda magoti, kwani hilo halihitaji ruhusa yako.

Naomba uamuzi wako: nihame, au nibaki nipande?

Ni mimi mdogo wako,
Emery